Caryl Chessman: Mfungwa aliyepigania roho yake kwa kalamu miaka 12

ILIKUWA mwezi wa Juni mwaka wa 1948 jijini Los Angeles, jimbo la California, Marekani. Karani mmoja wa mahakama, mtaalamu wa hatimkato ambaye alikuwa amenakili kila neno lililotamkwa katika kesi ya Caryl Chessman, alikata roho ghafla. Alikuwa amekwisha kufasiri thuluthi moja tu ya maandishi yake. Thuluthi mbili zilizosalia zilikuwa mistari na vitone kwenye madaftari, kwa mtindo wa kizamani ambao watu wachache waliweza kuusoma. Siku mbili baadaye, mshtakiwa alisomewa hukumu ya kifo.

Kifo cha karani huyo, ambaye watu wengi hawakupata kulisikia jina lake, ndicho kilichomweka hai Chessman kwa karibu miaka 12. Ndicho pia kilichoifikisha kesi ya mwizi wa kawaida katika Mahakama ya Juu ya Marekani, kikamtikisa gavana wa California na kuwafanya watu wa Ulaya na Amerika Kusini watie sahihi kwa mamilioni wakitaka asiuawe.

Caryl Chessman alizaliwa Mei 27, 1921 katika mji wa St. Joseph, jimbo la Michigan. Wazazi wake walihamia California angali mtoto mchanga, wakaishi Glendale karibu na Los Angeles. Alikuwa mtoto wao wa pekee, na alikuwa mgonjwa mgonjwa. Pumu ilimsumbua tangu udogoni. Alipokuwa bado mvulana, ajali ya gari ilimwacha mamake akiwa amepooza. Kisha ukafika mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 na biashara za babake zikaporomoka. Kwa masimulizi yake mwenyewe, Chessman alianza kwa kuiba chakula ili nyumbani pawe na kitu mezani. Baada ya chakula yakafuata magari, na baada ya magari yakafuata maduka na bastola.

Alipofikisha miaka 16 alikuwa tayari katika shule ya kurekebishia watoto watundu. Kutoka huko alipitia magereza makubwa ya California yenye sifa mbaya, San Quentin na Folsom. Wakati mmoja alitoroka, akakamatwa tena. Desemba 1947 aliachiliwa kwa masharti akiwa na umri wa miaka 26. Hakudumu nje hata miezi miwili.

Januari 1948, wapenzi waliokuwa wakiegesha magari yao katika barabara za vilimani nje ya Los Angeles walianza kushambuliwa na mtu aliyewajia kwa gari lenye taa nyekundu, mfano wa gari la polisi. Aliwaelekezea bastola na kuwanyang'anya mali. Wanawake wawili aliwatoa katika magari yao na kuwatendea unyama wa kingono. Magazeti yalimbandika jina la jambazi wa taa nyekundu, na jiji likajaa hofu. Januari 23, polisi waliliandama gari la wizi barabarani hadi likasimama. Aliyekuwa kwenye usukani ni Chessman.

Polisi walisema alikiri. Yeye alishikilia kwamba alipigwa hadi akasema walichotaka, na kwamba hakuwa jambazi huyo kamwe. Hakubadili kauli hiyo hadi siku ya mwisho. Hata hivyo, waathiriwa kadhaa walimtambua, na mojawapo ya wanawake waliodhulumiwa, msichana mdogo, aliishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Ni vyema msomaji alikumbuke hilo, kwani katika kelele zilizofuata miaka ya baadaye, msichana huyo alisahaulika upesi mno. Makala haya hayasemi kwamba Chessman alikuwa mtu asiye na hatia. Alikuwa mhalifu sugu kwa kukiri kwake mwenyewe. Swali lililomfikisha katika mahakama za serikali kuu ni jingine kabisa.

Katika kesi hiyo, Chessman alifanya kosa ambalo huenda lilimgharimu maisha: alikataa kuwakilishwa na wakili. Alikuwa mwerevu, mwenye kujiamini kupita kiasi, na alidhani angeweza kumshinda kiongozi wa mashtaka mwenye uzoefu mbele ya Jaji Charles Fricke, ambaye hakuwa na sifa ya upole kwa washtakiwa. Aliomba apewe kila siku nakala ya yaliyosemwa mahakamani ili aweze kujitetea ipasavyo. Jaji alikataa. Mei 21, 1948 jopo la waamuzi 12, wanawake 11 na mwanamume mmoja, lilimpata na hatia katika mashtaka 17 kati ya 18.

Hakuwa ameua mtu. Hukumu zake mbili za kifo zilitokana na sheria ya California ya utekaji nyara, iliyotungwa baada ya mtoto wa rubani Charles Lindbergh kutekwa na kuuawa mwaka wa 1932. Chini ya sheria hiyo, mtu aliyemteka mwingine kwa nia ya kumwibia, kisha akamjeruhi, angeweza kuuawa. Mahakama ilikubali kwamba kumsogeza mwanamke hatua chache tu kutoka gari lake hadi gari la jambazi kulitosha kuitwa utekaji nyara. Mwaka wa 1951 bunge la California liliibadilisha sheria hiyo na kubana maana ya kuteka. Badiliko hilo halikumfaa Chessman. Alikuwa amekwisha kuhukumiwa.

Turudi sasa kwa madaftari ya karani. Rufaa ya hukumu ya kifo katika jimbo la California ilikuwa ikienda yenyewe hadi mahakama kuu ya jimbo, nao majaji wa rufaa hawawasikizi mashahidi. Husoma kumbukumbu. Ikiwa kumbukumbu imepotoka, rufaa inageuka kuwa mchezo wa kubahatisha. Na hapa pana jambo la ajabu: sheria ya California wakati huo iliruhusu kesi ya madai, kama vile ugomvi wa shamba au deni, ianzishwe upya ikiwa karani angefariki kabla ya kukamilisha kumbukumbu. Kwa kesi ya jinai, hata ile ya kufa na kupona, mahakama zilisema kifungu hicho hakihusiki. Mtu aliyepoteza uwanja alikuwa na haki kubwa zaidi ya aliyekaribia kupoteza uhai.

Upande wa mashtaka ulimtafuta karani mwingine wa kuyafasiri madaftari yale. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba karani huyo alikuwa na uhusiano wa kindoa na kiongozi wa mashtaka mwenyewe, na kwamba katika kazi yake alishauriana na kiongozi huyo pamoja na maafisa wa polisi waliokuwa mashahidi katika kesi. Mwaka wa 1949 Jaji Fricke aliiidhinisha nakala iliyotokea. Chessman hakuwapo alipofanya hivyo. Aliomba aletwe mahakamani ili aonyeshe makosa, akakataliwa. Wala hapakuwa na wakili wa kumsemea. Alikuwa San Quentin, katika mlolongo wa seli za watu wanaosubiri kifo, seli nambari 2455.

Ndani ya seli hiyo aligeuka kuwa mwanasheria. Alisoma vitabu vya sheria usiku kucha, akaandika maombi kwa mashine ya kupigia chapa. Mahakama kuu ya California ilipoithibitisha hukumu yake mwishoni mwa mwaka wa 1951, njia moja kubwa ilibakia: ombi la habeas corpus katika mahakama ya serikali kuu.

Kwa wasiofahamu, habeas corpus ni amri ya kale kutoka sheria za Uingereza. Jaji humwamuru anayemzuilia mtu amlete mbele yake na kueleza anamzuilia kwa msingi gani wa kisheria. Sisi Wakenya tunaifahamu. Katiba ya mwaka wa 2010 inaitaja miongoni mwa haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa hali yoyote ile. Marekani ina upekee wake kwa sababu ya mfumo wake wa majimbo. Kila jimbo lina polisi wake, mahakama zake na magereza yake. Kwa muda mrefu mahakama za serikali kuu hazikuingilia wafungwa wa majimbo. Mwaka wa 1867, mara baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowapa majaji wa serikali kuu uwezo wa kusikiza ombi la yeyote anayezuiliwa kinyume cha katiba ya nchi, hata kama anayemzuilia ni jimbo.

Ombi la namna hiyo si rufaa nyingine. Mfungwa anatakiwa kwanza azimalize njia zote katika mahakama za jimbo lake. Na anapofika mbele ya jaji wa serikali kuu, haulizwi kama alitenda kosa au hakutenda. Linaloulizwa ni iwapo jimbo lilimfunga kwa kuifuata katiba. Ndiyo maana Chessman hakuwaomba majaji wamsafishe jina. Aliwaomba watazame jinsi kumbukumbu iliyotumiwa kuthibitisha kifo chake ilivyotengenezwa.

Maombi yake ya kwanza yalitupwa, mengine bila hata kusikizwa. Tarehe ya kuuawa iliwekwa, ikaahirishwa, ikawekwa tena. Katika mapengo hayo aliandika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa mwaka wa 1954 kwa jina la Cell 2455, Death Row. Kiliuzwa kwa wingi, kikatafsiriwa katika lugha nyingi na mwaka uliofuata kikatengenezewa filamu. Wakuu wa gereza walimpiga marufuku asichapishe tena. Haikusaidia. Maandishi yaliendelea kutoroshwa nje ya kuta, na vitabu vingine viwili, pamoja na riwaya moja, vikafuata. Wasomaji wa Paris, Roma na Rio de Janeiro walianza kumjua mfungwa huyo mwenye pua iliyovunjika na ulimi mkali kuliko walivyowajua wanasiasa wengi wa Marekani.

Oktoba 1955 mambo yalibadilika. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba madai ya udanganyifu katika utayarishaji wa kumbukumbu, yakiwa ya kweli, yalikuwa mazito vya kutosha kuvunja katiba, na kwamba haikufaa kuyatupa bila kuyachunguza. Kesi ikarudi San Francisco kwa Jaji Louis Goodman wa mahakama ya serikali kuu, yule yule aliyekuwa amelitupilia mbali ombi. Mapema mwaka wa 1956 Goodman aliwasikiza mashahidi, akaamua hapakuwa na udanganyifu wowote.

Chessman akakata rufaa tena. Juni 10, 1957 ukaja ushindi wake mkubwa. Kwa kura tano dhidi ya tatu, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi ulioandikwa na Jaji John Harlan, kwamba jimbo la California lilimnyima mfungwa haki yake liliporidhia kumbukumbu ya kesi bila yeye kuwapo wala wakili wake. Jaji Mkuu Earl Warren hakushiriki kwa kuwa alikuwa gavana wa California wakati kesi ilipoanza. Majaji watatu waliopinga waliona kwamba jambo hilo lilikuwa limechunguzwa vya kutosha na kwamba mtu huyo alikuwa anaichezea sheria. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Miaka tisa ilikuwa imepita, na walioathiriwa walikuwa wakiishi na majeraha yao huku wakimwona mshtakiwa katika madirisha ya maduka ya vitabu.

Lakini msomaji auangalie ushindi huo kwa makini. Mahakama haikusema kesi irudiwe mbele ya waamuzi wapya. Ilisema California iikague kumbukumbu upya, safari hii mfungwa akiwapo. Kikao hicho kilianza mwishoni mwa mwaka wa 1957 na kuendelea hadi mwaka uliofuata. Marekebisho takriban 2,000 yalifanywa. Ukitafakari, makosa elfu mbili katika waraka ambao ungemwua mtu si jambo dogo. Hata hivyo, jaji aliyesimamia zoezi hilo alisema hayakugusa kiini cha kesi, na Julai 1959 mahakama kuu ya California ikaithibitisha hukumu kwa mara nyingine.

Tarehe mpya iliwekwa Oktoba 1959. Siku chache kabla yake, jaji mmoja wa Mahakama ya Juu aliisimamisha. Ikawekwa nyingine, Februari 19, 1960. Sasa mzigo ulimwangukia Gavana Edmund Brown, aliyejulikana zaidi kwa jina la Pat, Mkatoliki aliyepinga hukumu ya kifo kwa imani. Mikono yake ilikuwa imefungwa: kwa kuwa Chessman alikuwa amewahi kufungwa kwa makosa mengine makubwa, katiba ya California haikumruhusu gavana kumpunguzia adhabu bila idhini ya majaji walio wengi wa mahakama kuu ya jimbo. Majaji hao walikataa, wanne dhidi ya watatu.

Usiku wa Februari 18, mwanawe gavana, Jerry, kijana aliyekuwa ametoka seminari hivi karibuni, alimpigia babake simu na kumsihi. Wakati huo huo ilikuwa imefika simu ya maandishi kutoka wizara ya mambo ya nje mjini Washington, ikieleza wasiwasi kwamba Rais Eisenhower, aliyekuwa karibu kuzuru Uruguay, angekumbana na maandamano ya hasira. Saa chache kabla ya Chessman kuingizwa katika chumba cha gesi, Brown alimpa siku 60. Aliliita bunge la jimbo likutane kwa kikao maalumu kujadili kufutwa kwa hukumu ya kifo. Mswada huo ulifia katika kamati ya seneti kwa kura nane dhidi ya saba.

Walioandika kumtetea walikuwa wengi, tena watu wa heshima: Albert Schweitzer, daktari aliyekuwa akiendesha hospitali Lambaréné nchini Gabon; mwandishi Aldous Huxley; Eleanor Roosevelt, mjane wa rais. Huko California, wengi walimzomea gavana kwa kile walichokiona kuwa ulegevu. Aliposhindwa na Ronald Reagan katika uchaguzi wa mwaka wa 1966, jina la Chessman lilikuwa bado linamfuata.

Siku ya tisa kuwekwa ilikuwa Jumatatu, Mei 2, 1960, saa nne asubuhi. Tarehe nane zilikuwa zimempita. Asubuhi hiyo mahakama kuu ya California ilikataa ombi la mwisho, tena kwa kura nne dhidi ya tatu. Mawakili wake, George Davis na Rosalie Asher, walikimbilia ofisi ya Jaji Goodman jijini San Francisco, ng'ambo ya ghuba kutoka San Quentin, wakiwa na ombi jingine la habeas corpus. Dakika zilikuwa zikiyoyoma. Goodman, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amemkatalia Chessman, safari hii alikubali kusimamisha utekelezaji kwa muda mfupi ili aisikize hoja yao. Alimwagiza katibu wake apige simu gerezani.

Nambari ilikosewa. Katika kupokezana kwa mdomo kutoka mtu hadi mtu, tarakimu moja ilipotea, na simu haikupita. Ikabidi nambari ihakikishwe na kupigwa upya. Simu ilipoingia San Quentin, aliyeipokea alijibu kwamba wamechelewa. Vidonge vya sumu vilikuwa vimekwisha kudondoshwa ndani ya asidi chini ya kiti, na hakuna aliyeweza kuufungua mlango wa chumba kile bila kujiua mwenyewe.

Si hakika kwamba simu hiyo ingemwokoa. Huenda ingempa nusu saa tu, kisha hoja zikakataliwa kama zilivyokataliwa nyingine. Alikuwa na umri wa miaka 38, na alikuwa ameishi karibu thuluthi moja ya maisha yake katika seli za wanaosubiri kifo.

Katika miaka ya 1960 Mahakama ya Juu ilipanua zaidi mlango wa habeas corpus kwa wafungwa wa majimbo. Wapinzani nao hawakuacha kuitaja kesi ya Chessman kama kielelezo cha mfungwa anayepeleka ombi juu ya ombi ili kununua siku. Mwaka wa 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotiwa sahihi na Rais Bill Clinton: mfungwa wa jimbo akawekewa muda wa mwaka mmoja wa kuwasilisha ombi lake katika mahakama ya serikali kuu, na ombi la pili likawa karibu haliwezekani ila kwa ruhusa maalumu ya mahakama ya rufaa. Mtu mwenye kesi kama ya Chessman leo asingefika popote karibu na ule uamuzi wa mwaka wa 1957.

Jerry Brown, yule kijana wa simu ya usiku, alikuja kuwa gavana wa California mara mbili, kuanzia 1975 hadi 1983 na tena kuanzia 2011 hadi 2019. Babake aliandika kitabu mwaka wa 1989 kuhusu wafungwa wote wa hukumu ya kifo ambao majina yao yalipita mezani pake alipokuwa madarakani. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Kuhusu Chessman, aliandika kwamba alipaswa kutafuta njia ya kumwacha hai.